Nani Alifika wa Kwanza? Historia ya Migini ya Ubundu na Miti Yenye Haisemi Kabila



Siku hizi simu zetu zimejaa historia. Kila mutuele ya wazaliwa, kila kikundi cha vijana cha mugini kwenye njia ya Ubundu kiko na sherehe yake, kitenge chake, ngoma zake, na karatasi moja ao mbili zenye kichwa "Historia ya mugini wetu." Mimi ninafurahia. Watu wenye hawajiandiki wanaandikwa na wengine, na sisi wa Ubundu tumeandikwa na wengine muda murefu sana. Lakini kufurahia si kufunga macho. Mutu akipika chakula cha watu wengi, wenye kula wako na haki ya kusema kama chumvi imepungua.

Kwa hiyo andiko hili ni la kukosoa, na ninalikosoa kwa upendo. Ninauliza mambo matatu tu: hizi historia zinasema nini, zinaacha nini, na kesho zitatumika kwa kazi gani? Juu kwetu historia haiko muchezo wa wazee jioni. Kwetu historia ni karatasi ya udongo.

Historia ya wapita njia

Fungua karatasi yoyote ya hivi, karibu kila mara utakuta vitu vitatu. Cha kwanza ni jina la zamani: Ponthierville, kufwatana na Pierre Ponthier, ofisa wa Leopold mwenye alikufa mwaka 1893 katika vita vya kuwafukuza Waarabu na Waswahili wa Manyema. Cha pili ni reli: kampuni ya CFL iliundwa mwaka 1902, na mwaka 1906 treni ilifunguliwa kutoka ngambo ya kushoto ya Stanleyville mupaka Ponthierville, kilometa 125, kwa sababu maporomoko saba ya Boyoma yanazuia mashua kupita. Cha tatu ni filamu: mwaka 1951 John Huston alikuja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kupiga sehemu za The African Queen upande wa muto Ruiki.

Yote hiyo ni kweli. Sasa soma tena pole pole, utafute mutu wa Ubundu ndani yake. Hayuko. Ponthier alipita, kampuni ikapita, Bogart akapita. Ni historia ya wapita njia, na sisi wenye kukaa tumekuwa kama nyasi za pembeni ya reli.

Chukua ile reli. Karatasi inasema "reli ilijengwa," kama vile ilijijenga yenyewe. Nani alipasua mawe? Nani alibeba vyuma? Migini gani ilitoa vijana, na ilitoa kwa kupenda ao kwa kamba shingoni? Tunajua kama kazi za wakati wa Leopold zilikuwa za nguvu. Basi kikundi chenye kinakaa kwenye ile reli, chenye wazee wake walisikia habari hizo katika kinywa cha baba zao, kinaandika paka mwaka na kilometa, sawa kampuni yenyewe ingeandika katika ripoti yake ya kupeleka Brisele.

Chukua na ile filamu. Kisa chake kinapita katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, mwaka 1914. Ni kusema muto wetu ulikodishwa ili ucheze muto mwingine. Hepburn mwenyewe aliandika kitabu juu ya ile kazi, kilitoka mwaka 1987. Sawa. Na wenye walijenga kambi, wenye walipika, wenye walisukuma mashua, kitabu chao kiko wapi? Mutoto wa miaka 15 wa mwaka 1951 leo yuko na miaka karibu 90. Wamebakia wachache sana, na sisi tunapoteza wakati tukikopi sifa za Bogart.

Hata majina ya fasi tunayachukua kwa wapita njia. Kwenye reli na barabara zetu tunahesabu kwa kilometa. Wenzangu wa agronomia wanajua ndizi yenye inaitwa Yangambi Km 5: imepandwa katika inchi nyingi za Afrika, inasifiwa juu inavumilia magonjwa. Dunia nzima inaiita kwa jina la kilometa ya kituo cha utafiti. Jina lake la zamani, Ibota, linabakia katika vitabu vya wataalamu. Jina la kilometa ni jina la mwenye kupima, haliko jina la mwenye kukaa.

Na kuko kilometa zenye karatasi za sherehe haziguse kabisa. Kilometa 25, Kasese. Kilometa 41, Biaro. Mwaka 1997 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walikuwa kambini pale, kwenye reli yetu, na mwezi wa ine wengi waliuawa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 inaeleza. Lakini katika historia za migini yetu, mwaka 1997 ni muruko tu. Ninaelewa woga. Ninaelewa pia kama sherehe haiko kilio. Lakini historia yenye inakumbuka Bogart na inasahau Biaro, hiyo haiko kumbukumbu, ni foto ya kupamba ukuta.

"Sisi njo wa kwanza"

Kuko aina ya pili ya historia, na hiyo njo inaniogopesha zaidi. Inaanza hivi: tulitoka fasi fulani, tukavuka Lualaba, tukakuta pori tupu, hakukuwa mutu, tukakaa. Kisha orodha ya mashefu, kisha leo. Jirani anaandika yake: yeye pia alivuka, yeye pia alikuta pori tupu. Pori moja, tupu mara mbili.

Tangu mwaka 2022 tunajua bei ya hayo maneno. Wambole na Walengola, watu wenye wameoana, wenye wameuziana samaki na muhogo miaka na miaka, wameuana juu ya udongo, baada ya eneo kubwa kutolewa kwa ulimo wa kampuni. Migini imechomwa. Jamaa zimekimbilia Kisangani, zinalala katika kambi na katika masomo. Kati yenu wenye munasoma hapa, kuko wenye wamezika.

Sisemi kama karatasi za mutuele njo zilianzisha moto. Moto uko na wenyewe. Sheria ya udongo ya mwaka 1973 inasema udongo wote ni wa Serikali. Kwa udongo wa wananchi wa migini, sheria ile ilisema ordonansi ya Rais itakuja kupanga haki zao. Ordonansi haikukuja. Kwa hiyo mutu wa mugini hana karatasi, yuko na kisa. Kampuni inakuja na karatasi yenye muhuri, yeye anakuja na kaburi la babu yake. Njo maana kila mutu anataka kuwa wa kwanza: "wa kwanza" imekuwa muhuri wake.

Lakini sasa angalia ginsi hizi historia zimetengenezwa. Zinaruka. Zinatoka kwa babu mwenye kuvuka muto, zinaanguka moja kwa moja katika leo. Katikati kuko shimo la miaka karibu 80, na ndani ya lile shimo njo kuko majibu.

Ndani yake kuko wakati Wabeleji walitoa migini katika pori na kuipanga kwenye barabara, ili watu wahesabiwe, walipe kodi, na wafagie barabara. Jamaa zenye zilikaa mbali na mbali zikajikuta mulango kwa mulango. Kuko mazao ya lazima, yenye yalianza mwaka 1917. Kuko mupira wa pori wa wakati wa vita ya pili ya dunia, siku za kazi ya lazima zikapanda kutoka 60 mupaka 120 kwa mwaka, na watu wakakimbia kujificha kwa wajomba wao. Kuko Kitawala, na maasi ya Wakumu ya mwaka 1944. Kuko Simba ya mwaka 1964, watu wakarudi tena katika pori, na wengine hawakutoka pale walipotoka zamani.

Ukiweka hayo yote fasi yake, utaona kitu cha ajabu: jirani wawili wanaweza kuwa wa kweli wote wawili. Mumoja yuko na makaburi ya babu katika lile pori, juu mugini wake ulitolewa pale kwa nguvu. Mwingine yuko na shamba pale tangu miaka 70, juu aliwekwa pale na Mubeleji, ao alipokelewa pale na mukwe wake. Historia yenye shimo inalazimisha mumoja awe muongo. Historia bila shimo inawapatia wote wawili fasi ya kusimama, na hapo njo mazungumzo yanaweza kuanza.

Kile pori linasema, na kile haliseme

Niruhusuni niingie kidogo katika kazi yangu. Watu wanasema "pori tupu," lakini pori ni andiko, mwenye kusomea anaweza kulisoma.

Ukitembea katika pori kubwa ukakuta mingazi mingi imesimama ndani ya kivuli, simama na wewe. Mungazi unapenda jua. Hauoti vizuri chini ya pori lenye kufunga. Ukiwa pale, ni kusema zamani kulikuwa wazi: kulikuwa mugini ao shamba. Ukikuta na mwembe ao musafu karibu, shaka inapungua. Ukikuta parasolie paka zenyewe, hilo ni shamba lenye limeachwa hivi karibuni, juu muti ule unamea haraka na haufikishe umri murefu. Lakini ukiingia katika limbali, ule muti wenye kutawala pori peke yake, ni habari nyingine: mbegu zake ni nzito, zinaanguka karibu na mama, kwa hiyo pori lake linaenea pole pole sana. Limbali kubwa inakwambia kama pale hakujalimwa tangu zamani sana.

Hata ile afromosia yenye wafanya biashara ya mbao wanaitafuta hapa Tshopo, watafiti wengi wanafikiri kama fasi nyingi ilimea kwa sababu watu wa zamani walifungua pori kwa mapanga na moto, maana mutoto wake unahitaji mwangaza. Ni kusema utajiri wenye leo tunaita "wa asili" uko na jasho la mutu ndani yake.

Basi vikundi vya historia vingepaswa kutembea katika pori na wazee na kuandika hiyo miti. Vichache vinafanya. Vingi vinakaa chini ya hangari, viti vya plastiki, kipaza sauti, na shefu mumoja anasema.

Lakini nisikieni vizuri, juu hapa njo pa hatari. Mungazi unasema: mutu alikaa hapa. Hauseme: mutu huyo alikuwa Mulengola, ao Mumbole, ao Mukumu, ao Mumituku. Muti hauandike kabila ya mwenye kuupanda. Mwenye kukuambia kama safu la pale ni ushuhuda wa kabila yake peke yake, anaongeza neno lake juu ya neno la muti. Sayansi inaweza kuonyesha shimo katika historia yako. Haiwezi kukupatia ushindi juu ya jirani. Kwangu mimi hiyo njo faida yake kubwa.

Na kama munatafuta maktaba nyingine, nendeni kwa bamama. Kwetu bibi anatoka kwao na anaenda kukaa kwa bwana. Hakuji mikono tupu: anakuja na fimbo za muhogo, na vichipukizi vya ndizi, na mbegu za maboga kutoka kwa mama yake. Uliza katika mugini mumoja, "hii ndizi nani aliileta, alitoka wapi?" Utapata ramani ya ndoa, na ile ramani inavuka mipaka yote ya kabila yenye wanaume wanapigania. Lakini katika karatasi za historia bamama wako paka katika foto, wanacheza ngoma. Wenye kujua zaidi wamepewa kazi ya kupamba.

Maboyi wa Lubumbashi walituonyesha

Kuna mutu atasema: haya ni ya maprofesa, sisi watu wa chini hatuwezi. Ninamujibu kwa mufano mumoja wa kwetu Congo.

Mwaka 1965, katika Lubumbashi, chama cha maboyi, ni kusema wafanya kazi wa nyumba za wazungu, kilitoa historia ya muji wao. Mwandishi aliitwa André Yav. Kichwa ni cha Kifaransa, Vocabulaire de la ville de Elisabethville, lakini maneno ya ndani ni Kiswahili, tena Kiswahili cha kwetu cha kila siku, chenye hakina cheti. Hawakungoja ruhusa. Hawakuomba radi juu ya Kiswahili chao. Waliandika namna walisikia, na Johannes Fabian, mwenye alitoa kile kitabu tena mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, ilibidi amuombe Kalundi Mango, mutu wa Katanga, akisome kwa sauti, juu kwa macho tu maneno hayaachani vizuri. Ni andiko lenye linataka mudomo.

Ninalipenda juu ya kitu kimoja: linaanza kwa kazi. Nani alifanya kazi kwa nani, aliishi namna gani, alilipwa nini, bwana alikuwa wa namna gani. Mwenye kubeba sahani njo anaeleza muji. Ukilisoma, Elisabethville haiko tena muji wa magavana, ni muji wa watu wa jikoni. Sasa linganisha na karatasi zetu za Ubundu, zenye mutoto wa mufanya kazi wa reli anasimulia reli kwa mudomo wa kampuni. Maboyi walifanya kinyume.

Tusiwatukuze kupita kiasi. Andiko lao liko na tarehe zenye hazisimami, na ni historia ya wanaume. Bamama ni kidogo sana ndani. Tena ilingoja miaka 25 na profesa wa ngambo ili itoke katika kitabu. Hilo pia ni fundisho: ukiandika na usiweke kopi fasi nyingi, umeandikia panya.

Basi tufanye nini?

Kuko sababu mbili zenye zinasema kama kazi hii haingoje.

Ya kwanza ni sheria. Tangu dekreti ya mwezi wa munane 2014, jamaa ya mugini inaweza kuomba pori lake liwe lake kwa njia ya sheria, bila kikomo cha miaka, mupaka hektari 50,000. Ili ipate, inapaswa kujieleza ni nani, na kuchora ramani pamoja na majirani. Ni kusema leo historia ya mugini inaingia katika dosie ya Serikali. Historia ya uongo itatoa ramani ya uongo, na ramani ya uongo itatoa panga.

Ya pili ni Kisangani yenyewe. Vita ya siku sita ilipiganwa tarehe 5 mupaka 10 mwezi wa sita 2000. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022, Korti ya Haki ya Kimataifa ilisema Uganda ilipe Congo dola milioni 325 juu ya vita vya miaka ile. Tangu siku hiyo watu wanatafuta ushuhuda: nani alikufa, nyumba gani ilianguka, nani alishuhudia. Mwenye jina la marehemu wake liliandikwa mapema, yuko na pa kuanzia. Mwenye hakuandika, anabakia na machozi yake mukononi.

Kwa hiyo ninapendekeza kwa vikundi vyetu kitu chenye tunajua sisi wa agronomia. Kule Yangambi, kwenye kituo chenye INEAC ilianza mwaka 1933, kuko herbariumu yenye mimea mikavu zaidi ya 100,000. Jani bila lebo ni takataka. Lebo inasema: nani alikata, wapi, siku gani, muti ulikuwa katika udongo wa namna gani. Jina la kienyeji mara nyingi liko. Jina la muzee mwenye alilitaja, mara nyingi haliko. Basi tuchukue lebo yao, na tuongeze kile walisahau.

Kila kisa cha mugini kiwe na lebo: nani alisema, yuko na umri gani, alisikia kwa nani, alikuwa amesimama wapi, siku gani. Kisha mustari wa mwisho, wenye ni wa lazima kuliko yote: nani hakubali, na yeye anasemaje. Jirani aitwe wakati wa kuandika, asiitwe paka siku ya sherehe kula. Nusu ya wenye kuulizwa wawe bamama. Kiandikwe kwa Kiswahili na kwa luga ya mugini, kopi moja kwa shefu, moja kwa somo, moja Kisangani, moja kwa jirani.

Najua kile watanijibu: ukiandika na maneno ya mwenye kukataa, unamwaga petroli. Mimi ninaona kinyume. Petroli ni kisa kimoja chenye hakina mwenye kukipinga. Kijana wa miaka 20 mwenye amekua na karatasi moja tu mukononi, yenye kusema "pori lilikuwa tupu," atamuona jirani yake kama muizi tangu utoto. Kijana mwenye amesoma kama babu yake na babu ya jirani walipangwa kwenye barabara moja na kapita mumoja, mwaka mumoja, kwa fimbo moja, huyo ni vigumu kumupatia panga.

Kwa hiyo wandugu, sherehe ya mwaka huu iendelee. Vitenge vishonwe, ngoma zipigwe. Lakini kabla ya kuchapa karatasi, kamati iitie watu wawili: muzee mumoja wa mugini wa pili, na mama mumoja mwenye aliolewa kutoka kule. Wasomewe kwa sauti, mustari kwa mustari. Pale watatikisa kichwa, muandike juu ya nini wametikisa.